Kipa wa Tuwan na Ambulansi ya Matangani

Kwenye stoo za mahindi za Kitale, msimu wa mavuno ukifika, kuna kazi ambayo ukiiona kwa mara ya kwanza huwezi kubandua macho. Gunia limejaa mpaka mdomoni, limesimama kama mtu mnene aliyeshiba, na mwanamke ameliinamia na sindano ndefu iliyopinda kidogo kwenye ncha. Anachoma, anavuta, anachoma, anavuta, na kabla hujajua uzi unapita wapi, mdomo umeshafungwa, masikio mawili yamechomoza kwenye pembe, naye amehamia gunia jingine. Sindano hiyo inaitwa shazia. Phelista Nafula wa mtaa wa Tuwan aliishika vizuri hivi kwamba wenzake walimpa jina hilohilo. Shazia.

Mchana alikuwa Shazia wa stoo, jioni Shazia wa golini. Alikuwa kipa na kepteni wa Tuwan Imara, na tangu kocha aende zake kutafuta kazi yenye mshahara, akawa kocha pia bila mtu kumwuliza. Hata nyavu za goli alizishona yeye, kwa uzi wa magunia aliookota stoo, ndiyo maana mshambuliaji wa timu ngeni akikaribia goli la Tuwan alipata harufu ya mahindi kabla hajaona kipa.

Tuwan Imara walikuwa kwenye ligi ya wanawake ya juu kabisa, ile ambayo kwenye karatasi inaitwa ligi ya kulipwa. Na kweli walilipwa, mara moja. Siku hiyo mdhamini alikuja na wapiga picha na hundi kubwa ya kadibodi, ndefu kuliko Jepchumba, mshambuliaji wao, ambaye si mfupi. Wasichana wakaishika kwa pamoja wakicheka. Phelista alinunua magodoro mawili, moja lake na moja la mama yake, akaanza kupanga habari ya mabati. Mwezi uliofuata mdhamini hakuonekana, na mwezi wa pili simu yake ikawa haipatikani. Alichoacha ni ile hundi ya kadibodi. Sasa inaziba dirisha la chumba cha jezi, na mvua ikinyesha zile sifuri zote zinavimba.

Basi timu ikaanza kukosa nauli. Mechi ya Mombasa walikosa. Ya Nairobi walifika mpaka stendi na mabegi, wakarudi nyumbani na mabegi. Sheria ya ligi ilikuwa fupi na haina huruma: timu ikikosa mechi tatu inafutwa. Haishushwi daraja, inafutwa kabisa, kama timu ambayo haikuwahi kuwepo. Na mechi iliyofuata ilikuwa Bungoma, Jumamosi ya Desemba, dhidi ya Kanduyi Malkia.

Bungoma si mbali, watu walimwambia Phelista, kama vile umbali ndio ulikuwa shida. Alizunguka Tuwan akibisha kwenye maduka. Mwenye duka la simu alimwambia mpira wa wanawake ni kitu kizuri sana na akampa kalenda.

Ijumaa akiwa stoo, shazia mkononi, alimsikia Walubengo akilalamika. Walubengo alikuwa na lori moja la kubeba mahindi, na kila wiki alipeleka mzigo kwa msagishaji mmoja wa Bungoma. Wapakiaji wake walikuwa wamekwenda makwao kuanza sikukuu mapema. Phelista alimaliza gunia alilokuwa nalo kwanza, akakata uzi kwa meno, ndipo akamwendea.

"Mimi niko na watu," akamwambia.

"Watu gani?"

"Wa timu yangu. Tunapakia hapa, tunashusha kule. Wewe kazi yako ni kutubeba, na kutungoja mechi iishe."

Walubengo alicheka mpaka akashika bodi ya lori. "Shazia, gunia ni kilo tisini. Si mpira hiyo."

"Nani amekushonea hayo magunia?"

"Wewe."

"Basi usinifundishe uzito wake."

Jumamosi, jua likichomoza, wasichana wa Tuwan Imara walikuwa wakipakia. Walibeba wawiliwawili, mmoja huku mmoja kule, kila mmoja ameshika sikio la gunia, na mwenye duka la simu akasimama mlangoni kuangalia. Walipomaliza walipanda juu ya mzigo na kukaa. Kiminini ikapita, Kamukuywa ikapita. Makapi ya mahindi yakaingia shingoni, kwapani, ndani ya soksi, na kila mtu akawa anajikuna. Kwenye kizuizi karibu na Webuye askari alimwuliza Walubengo hao juu ni akina nani. Walubengo akasema ni wapakiaji. Askari akatazama viatu vya mpira vilivyoning'inia shingoni, akatazama magoti yenye bandeji, akasema wapakiaji wa siku hizi wana mambo, akawapisha.

Uwanja ulikuwa wa shule moja nje ya mji wa Bungoma, upande mmoja barabara ya murramu yenye vumbi, upande mwingine miwa mirefu mpaka huoni mwisho. Lori lilipoingia, Phelista alishuka wa kwanza na kubusu chaki ya mstari wa goli, na midomo ikawa myeupe. Wamefika. Mechi ya tatu haijakosekana, na timu haifutwi leo.

Lakini wasichana wa Kanduyi Malkia hawakuwa wakipasha mwili. Walikuwa wameketi kwenye nyasi, wamevaa jezi, kimya kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kepteni wao, Emmy Nasimiyu, alikuja kumsalimia Phelista na macho mekundu.

"Dada, pole kwa safari. Hatuna ambulansi," akasema.

Phelista alielewa mara moja. Timu ya nyumbani ndiyo inayoleta ambulansi. Isipokuwepo uwanjani, refa haanzishi mechi. Anangoja nusu saa, halafu wageni wanapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani, na wenyeji wanahesabiwa wamekosa mechi. Na Kanduyi walikuwa wameshakosa ambulansi mara mbili. Hii ya tatu, wanafutwa wao.

Emmy akaeleza yote. Kukodi ambulansi hawakuweza, kwa hivyo walikwenda ofisi ya mheshimiwa mmoja mwenye ambulansi mpya, yenye sura yake kubwa ubavuni. Wakaahidiwa bure, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani wakiimba. Kosa lao lilikuwa moja tu, na mtu yeyote wa Bungoma angewaambia: waliomba gari la Jumamosi. Jumamosi Bungoma watu wanazika. Hema, viti, vipaza sauti, magari, vyote vinakwenda matangani, na mheshimiwa naye huenda huko, kwa sababu huko ndiko kuna watu.

Refa alikuwa Arafa, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa karibu na msikiti wa mjini, mtandio wake umechomekwa vizuri ndani ya kola. Hakuwa na ubaya, lakini hakuwa na mchezo pia. Alisema pole kwa pande zote mbili, akaangalia saa yake, akatangaza kwamba nusu saa imeanza.

Jepchumba alijilaza kwenye nyasi, mikono nyuma ya kichwa.

"Shazia, si tukae tu? Tunalala hapa, tunapewa tatu. Hata jasho hatutoi."

"Jasho tulitoa Kitale."

"Ndiyo sababu nasema tulale. Mwili inaniwasha, mgongo imekufa, na sisi tuko karibu mkiani. Tatu za bure bana. Nani hukataa za bure?"

Phelista aliona wengine wanavyomtazama, na alijua Jepchumba anasema yaliyo moyoni mwao. Pointi tatu zingewanyanyua kutoka pale chini. Mtu mwenye akili angekaa. Yeye mwenyewe alihisi miguu ikitaka kukaa.

Akakumbuka siku ya stendi, walivyosimama na mabegi huku timu ya Nairobi ikiwangoja. Baadaye aliona picha zao kwenye simu. Walikuwa wamejipanga, wamenyoosha vidole vitatu, wanacheka, pointi za Tuwan mkononi. Aliitazama ile picha mara nyingi kuliko alivyotaka. Hakuwachukia. Alichojiuliza ni kwa nini watu waliovaa jezi wakakosa mechi wanacheka.

"Tukichukua hizi," akasema, "Kanduyi wanakwisha leo. Wiki ijayo wengine wanatufanyia sisi hivyohivyo. Mwaka ujao utacheza na nani, Jepchumba? Na kivuli chako?"

"Kivuli changu kina mbio," Jepchumba akajibu, na wachache wakacheka, lakini hakuinuka.

Muda wote huo, kutoka ng'ambo ya miwa, kulikuwa na sauti ya kipaza sauti. Matanga ya mtu fulani. Nyimbo zilipigwa, zikakatwa, mshereheshaji akaongea, nyimbo zikarudi. Hakuna aliyesikiliza, maana matanga ya Jumamosi ni kama kunguru, yapo tu. Sasa upepo ukageuka na maneno yakafika uwanjani yakiwa mazima. Mshereheshaji alikuwa akiwaomba waombolezaji wavumilie, mheshimiwa yuko njiani, na kwa kuwa anawapenda ametanguliza ambulansi yake mpya ambayo kila mtu anaiona pale mbele, tafadhali makofi kidogo.

Emmy akamgeukia Phelista. "Hiyo ndiyo yetu."

"Ni mbali?"

"Hapo tu. Kuna njia kwa miwa."

Phelista alivua glavu, akamwachia Jepchumba tumboni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu kando ya uwanja aliwaona wanavyoondoka na kaptula, akawaita warudi. Akawauliza kama wamerogwa, kwenda matangani na mapaja nje. Akafungua leso yake ya kiunoni, akanyang'anya na ya binti yake, wakajifunga, wakaingia miwani wakikimbia huku wameshika pindo kwa mkono mmoja.

Boma lilikuwa limejaa. Mahema mawili, viti vya plastiki, na pale mbele, karibu kuliko hata jeneza, ambulansi nyeupe inayong'aa yenye uso wa mheshimiwa ukitabasamu. Dereva wake, Hesbon, alikuwa ameketi ndani na mlango wazi, akinywa soda. Emmy alimfahamu. Akamnong'oneza kwa haraka, na Hesbon akaweka chupa chini kwa masikitiko ya kweli.

Alisema anajua kuhusu mechi. Alisema marehemu alishamleta kutoka mochari tangu jana jioni, na yeye angekuwa ameshaondoka. Lakini ameamrishwa gari lisisogee mpaka mheshimiwa afike, maana atahutubia akiwa amesimama kando yake. Nikitoka hapa, akasema, Jumatatu sina kazi, na niko na watoto.

Emmy alitaka waende kwa mshereheshaji, wachukue kipaza sauti, walie mbele ya watu wote. Phelista akamshika mkono. "Matanga ina mwenyewe. Twende kwa mwenyewe."

Hapo ndipo Emmy alipokaribia kulia kwa kweli. Kwa sababu mwenye msiba hafikiwi kwa mbio. Wazee walikuwa wameketi kwa safu mbele ya jeneza, na mjane alikuwa mwisho kabisa wa safu, na hakuna mtu wa nchi ile anayeweza kuwaruka wazee kumfikia mjane, hata kama nyumba yake inaungua. Phelista akaanza mwanzo wa safu. Akainama, akashika mkono, akasalimia kwa lugha ya kwao, mulembe papa, pole. Mwingine, akainama, mulembe, pole. Mzee wa tatu alikuwa kiziwi kidogo, akataka kujua ni mtoto wa nani. Phelista akamtajia baba yake, na babu yake, na kijiji walikotoka kabla ya kuhamia Kitale. Mzee akafurahi, akasema anamjua mtu wa huko. Emmy nyuma yake alikuwa akimbana kiuno. Phelista hakuharakisha hata mkono mmoja.

Mjane aliitwa Agneta, na boma zima lilimwita kukhu, yaani nyanya. Alikuwa ameketi wima, kitambaa cheusi kichwani, kivuli kimemhama na sasa jua linampiga usoni. Mumewe, mzee Wakoli, alikuwa amefanya kazi Webuye kwenye kiwanda cha karatasi mpaka nywele zikawa nyeupe. Phelista alipiga magoti na kumpa mkono. Kukhu hakuuachia. Aliugeuza, akatazama kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye sugu na matundu madogo meusi ya sindano.

"Mayi, mwanangu, hii mikono umeifanyia nini?"

"Nashona magunia, kukhu. Na kudaka mpira."

"Mpira?"

"Tuko hapo ng'ambo ya miwa. Refa hawezi kuanzisha bila hilo gari, na muda unakwisha. Likikosa, timu ya hawa wasichana wa hapa inafutwa."

"Na wewe ni wa hapa?"

"Wa Kitale. Mimi ndiye adui wao leo."

Kukhu Agneta akamtazama Emmy, akamrudia Phelista. Pembeni ya mdomo wake kukawa na kitu, si tabasamu bado.

"Sasa adui, si ungekaa tu uwaache wafutwe?"

"Nataka kucheza nao, kukhu. Siwezi kucheza peke yangu."

Kukhu aliuachia ule mkono. Halafu akamwuliza mzee aliyekaa karibu naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mume wake si ameshafika. Mzee akasema amefika. Basi hilo gari linangoja nini? Mzee akakohoa, akasema linangoja mheshimiwa.

"Namngoja tangu asubuhi," kukhu akasema. "Jua limenipata hapa. Wakoli hakuchelewa kazini hata siku moja, sasa anacheleweshwa kwa kaburi lake mwenyewe. Leteni hiyo kitu ya kuongelea."

Mshereheshaji alidhani anataka kutoa shukrani, akamletea kipaza sauti mbiombio. Kukhu alikishika mbali na mdomo kama kijiko cha uji wa moto.

"Nyinyi mlio kwa uwanja," akasema, na sauti yake ikavuka miwa. "Msiondoke. Gari linakuja. Na pasta, njoo tumzike mzee."

Boma zima likaguna, ule mguno wa watu waliosikia mtu akisema walichokuwa wakikimeza wao. Hesbon alikuwa ameshuka, kofia mkononi. Akamwambia kukhu kwamba atafutwa kazi. Kukhu akamjibu kwamba akiulizwa, aseme ni mwenye maiti aliyesema, na yule anayetaka kuuliza zaidi aje amwulize yeye, hana haraka, hana pa kwenda. Hesbon alivaa kofia. Aliligeuza gari polepole kati ya viti, bila king'ora, kwa heshima ya marehemu. Walipofika barabarani tu akalikanyaga, na Phelista na Emmy, waliokuwa wamepanda nyuma, wakagongana vichwa kwenye machela.

Uwanjani walikuwa wamesikia. Jepchumba alisimulia baadaye kwamba sauti ya yule nyanya ilipotoka angani, Arafa alikuwa ameshatia firimbi mdomoni. Aliitoa, akaangalia saa, akasema dakika ambazo hazijaisha ni dakika. Halafu akarudi kuangalia barabara kama wengine wote. Na jambo ambalo Jepchumba hakusimulia, Emmy aliliona kwa macho yake ambulansi ilipoingia na vumbi: Jepchumba alikuwa amesimama, glavu za Phelista kifuani, akiruka kama mtoto.

Arafa alifungua milango ya nyuma. Akakagua machela, akakagua sanduku la dawa, akavuta begi lililokuwa chini ya kiti na kukuta fulana za kampeni, akalirudisha. Akamwuliza Hesbon kama amesomea huduma ya kwanza. Hesbon akasema ndiyo, akatoa kadi. Refa akarudi katikati ya uwanja na kupuliza.

Basi wakacheza. Wasichana waliobeba mahindi alfajiri wakacheza na wasichana waliokaribia kufutwa, na hakuna aliyemhurumia mwenzake hata kidogo. Emmy alifunga bao la kwanza kwa kichwa, akapita mbele ya Phelista akishangilia bila aibu, na Phelista akamwambia ashukuru leso haikumkwamisha. Jepchumba alisawazisha kabla ya mapumziko, kwa shuti la mbali ambalo hakuwahi kulipiga mazoezini. Akaja mpaka golini kwao kumwonyesha Phelista kwamba bado anajikuna.

Kipindi cha pili waombolezaji wakaanza kufika. Walikuwa wamemaliza kuzika. Walitokea kwenye miwa na nguo zao nyeusi, kila mmoja na kiti cha plastiki kichwani, wakajipanga kando ya mstari. Kukhu Agneta wakamweka karibu na bendera ya kona, kivulini pa lori la Walubengo.

Kisha magari ya mheshimiwa yakaja. Alikuwa amefika matangani akakuta kaburi limefunikwa. Kijana wake mmoja mwenye suti alikwenda moja kwa moja kwa Hesbon na kumwamuru awashe gari. Arafa alisimamisha mchezo, akavuka uwanja bila kukimbia.

"Hili gari ni la mechi mpaka firimbi ya mwisho," akasema. "Likitoka, mechi inavunjika, na kwa ripoti naandika nani alilitoa. Jina nitaandika kamili."

Kijana alimtazama mheshimiwa. Mheshimiwa alitazama wale watu wote kwenye viti vya plastiki, na kukhu Agneta akimtazama yeye. Akashuka, akapunga mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Kanduyi walikuwa wamepata kona, na watu walikuwa wanaangalia kona.

Phelista naye alimchungulia mheshimiwa kidogo, na hilo lilimponza. Mpira ulikuja juu, akaupiga ngumi ukamteleza, ukamwangukia beki wa Kanduyi mguuni, ukapita katikati ya miguu mingi na kuingia. Mbili moja. Tuwan walishambulia mpaka miguu ikakataa, lakini firimbi ya mwisho iliwakuta hivyohivyo. Mbili moja, kwa haki, kwa jasho, refa akaandika.

Jepchumba alimkuta Phelista ameketi ameegemea nguzo ya goli.

"Tumekataa tatu, tumechukua sifuri," akasema. "Hiyo hesabu ulisomea wapi?"

"Ulifunga bao?"

"Nilifunga."

"Ungelifunga ukiwa umelala kwa nyasi?"

Jepchumba alifikiri, akakuna mbavu. "Lilikuwa bao kali, sema ukweli."

"Lilikuwa kali."

Bado walikuwa karibu mkiani. Bado hawakuwa na mdhamini, wala kocha, wala dirisha la kioo kwenye chumba cha jezi. Phelista alijua hayo yote. Lakini alipotazama uwanja aliona timu mbili pale ambapo asubuhi kulikaribia kubaki moja, na hakuona sababu ya kuinamisha kichwa.

Kilichobaki ni deni la lori. Walubengo alikuwa ameshawasha injini, analalamika kwamba msagishaji atafunga. Wakapanda juu ya magunia kama walivyokuja. Walipofika kwenye ghala la msagishaji na kuanza kushusha, mikono haikutaka tena, gunia la kwanza likawaponyoka likapasuka pembeni. Phelista alichomoa shazia kwenye begi lake, mahali inapokaa siku zote, akachutama kuliziba. Alipoinua macho, Kanduyi Malkia walikuwa wanaingia langoni na viatu vyao vya mpira, Emmy mbele, amekunja mikono ya jezi. Walikuwa wamepakiwa kwenye ambulansi. Hesbon alisema kazi yake imeshakufa ama haijafa, atajua Jumatatu, kwa leo acha gari lifanye kazi.

"Shika huko," Emmy akasema, akashika sikio la gunia.

Phelista akashika la pili. Wakalinyanyua, wakaenda nalo kwa hatua fupi, na ilibidi Phelista amfundishe asivute peke yake, wapumue pamoja. Katikati ya njia akamwuliza Emmy mechi ya marudiano Kitale ni siku gani. Emmy akasema ni Jumamosi, Februari.

"Hapana," Phelista akasema. "Tutaomba Jumatano. Jumamosi kwetu pia watu wanazika."

Wakatua gunia. Phelista akamgeukia Walubengo, aliyekuwa ameegemea bodi ya lori akitazama wanawake wa timu mbili wakimaliza mzigo wake kabla ya kufungwa kwa geti, na kumwuliza: Februari, ukirudi Kitale kutoka Bungoma, huwa unarudi na lori tupu?

Walubengo alijikuna kidevu. Akasema huwa linarudi tupu, akawatazama Kanduyi Malkia, akasema asidhani hajaona anakoelekea.

"Vizuri kama umeona," Phelista akamwambia, akarudi kushika gunia jingine.